Homoni iliyo kwenye midia siyo iliyo ndani ya kiinitete: tuliyojifunza kwenye sahani za koniferi

Ukichanganya midia (chakula cha kukuzia tishu kwenye sahani) yenye homoni ya 2,4-D maikromola 10, usidhani kiinitete cha Picea, mmoja wa miti ya koniferi yenye majani kama sindano, kina maikromola 10 ndani ya seli zake. Huenda kina zaidi ya hapo au pungufu, na kiasi chenyewe hakitulii. Seli hufyonza homoni, hufungia sehemu yake kwenye molekuli nyingine, huvunja sehemu, husafirisha sehemu kwenda seli jirani, na huku zinatengeneza homoni zao wenyewe. Sahani nyingi zinazotupwa kwa kisingizio cha mbegu mbaya au mstari dhaifu (yaani tishu yote iliyotokana na kiinitete kimoja) huwa zimeharibikia hapo: aliyeandaa midia alihesabu alichokimimina, hakufikiria kiinitete kimekifanyia nini.

Ukuzaji wa viinitete vya koniferi kutokana na seli za kawaida, bila uchavushaji mpya, ulifanikiwa kwa Picea abies mwaka 1985, na mwaka huohuo kwa Larix, koniferi nyingine. Ndani ya mbegu ya kawaida kiinitete hulala katikati ya tishu ya mama iitwayo megagametofaiti, yenye seti moja tu ya kromosomu. Hiyo ndiyo inayokilisha na kukipa asidi ya absisiki (ABA) kwa wakati wake. Kwenye sahani tishu hiyo haipo. Kazi yake inaangukia midia, na midia haijui siku imefika ngapi. Anayejua ni wewe unayehamisha tishu. Ndiyo maana kazi yote ina hatua zenye homoni tofauti: auksini (kundi la 2,4-D) na sitokinini, homoni zinazochochea seli kukua na kugawanyika, za kuzidisha tishu, wiki moja bila homoni yoyote, kisha ABA ya kukomaza, kisha kukausha kidogo, na mwisho kuotesha bila homoni.

Tuanze na uanzishaji. Picea ni karimu: hata kiinitete kilichotolewa kwenye mbegu iliyokomaa huweza kuanzisha tishu yenye viinitete, ingawa mbegu changa hutoa asilimia kubwa zaidi. Pinus (misonobari) haina ukarimu huo. Mara nyingi huhitaji mbegu changa, kiinitete kikiwa hakijatoa kotiledoni (majani yake ya kwanza), na megagametofaiti nzima huwekwa kwenye midia bila kukitoa kiinitete ndani yake. Dirisha hilo ni la wiki chache tu, na likipita, msimu umepita. Abies, koniferi nyingine, ina njia yake: aina kadhaa, kama Abies nordmanniana na Abies alba, huanzishwa kwa sitokinini peke yake. Ukiwawekea 2,4-D kwa sababu tu Picea inaitaka, unaleta kitu ambacho tishu haikukiomba na ambacho baadaye itakuwa kazi kukiondoa.

Kwa Picea mchanganyiko unaotumika sana ni 2,4-D maikromola 10 na sitokinini ya benzili-adenini (BA) maikromola 5, sukrosi gramu 10 kwa lita, pH 5.8, gizani, joto la nyuzi 22 hadi 24. Kwa uzito, hiyo ni miligramu 2.2 za 2,4-D na miligramu 1.1 za BA kwa lita. Andaa akiba ya milimola 10: 2,4-D miligramu 22.1 au BA miligramu 22.5, yeyusha kwa matone machache ya sodiamu haidroksaidi ya mola 1, kisha jaza maji hadi mililita 10. Mililita moja ya akiba hiyo kwenye lita moja ya midia inakupa maikromola 10, na nusu mililita inakupa 5. Homoni hizi mbili huvumilia otoklevu (mashine ya mvuke ya kuua vijidudu) ya nyuzi 121. Glutamini, asidi amino inayowekwa kwenye midia, haivumilii: ichuje kwa kichujio cha mikromita 0.22 na kuiongeza midia ikishapoa kidogo.

Kwa nini 2,4-D, si auksini asilia ya IAA? IAA ikiingia ndani ya seli, kiinitete kinajua cha kuifanyia. Huifunga kwenye asidi amino kama aspateti na glutameti, au huioksidisha, na baada ya siku chache unabaki na midia isiyo na nguvu. 2,4-D ni ya viwandani na vimeng'enya hivyo huishughulikia polepole. Isitoshe, vibebaji vinavyoingiza auksini kwenye seli huipokea vizuri, lakini vile vinavyoitoa nje, protini za kundi la PIN, huihamisha kwa shida. Matokeo yake 2,4-D huingia na kubaki. Hilo ni faida wakati wa kuzidisha na ni mzigo wakati wa kukomaza.

pH nayo ina mkono wake hapa, na watu wengi huipima siku ya kuandaa midia tu. Auksini na ABA zote ni asidi dhaifu. Sehemu isiyo na chaji hupenya utando wa seli yenyewe, na ikifika ndani, ambako pH iko karibu na 7, hupata chaji na kunaswa humo. Tishu inapofyonza amoniamu kutoka kwenye midia huachia ioni za haidrojeni, pH inashuka, na sehemu isiyo na chaji inaongezeka. Kwa hiyo midia iliyoanza na 5.8 haiingizi homoni kwa kasi ileile siku ya kwanza na siku ya kumi. Ndiyo sababu moja ya kuhamisha tishu kila baada ya wiki mbili hata kama bado inapendeza machoni. Ikiachwa wiki nne, katikati ya bonge huanza kuwa kahawia na vichwa vya viinitete husambaratika.

BA nayo ina mambo yake. Kimeng'enya kinachokata mkia wa sitokinini asilia, kama zeatini, hakiiwezi sana BA, kwa hiyo inadumu. Lakini tishu huifungia sukari na kuigeuza glukosidi, na ile ya nafasi ya 9 hulundikana bila kufanya kazi na bila kurudishwa kirahisi kuwa BA. Kuongeza BA maradufu kwa tishu iliyozubaa mara nyingi kunaongeza ghala hilo tu. Tishu ikizubaa, kwanza iangalie kwa hadubini.

Kipimo cha hadubini ni rahisi na tunakishauri kila uhamisho wa pili. Chukua kipande cha milimita 3, kiweke kwenye kioo, kitawanye taratibu kwa sindano mbili ndani ya tone la maji. Ondoa maji, weka rangi ya asetokamini ya asilimia 1 kwa dakika chache, suuza. Weka rangi ya Evans blue ya asilimia 0.05 kwa sekunde chache, suuza tena, funika. Seli ndogo za kichwa, zilizojaa saitoplazimu, huwa nyekundu. Seli ndefu za mkia, yaani saspensa, ambazo zimejaa vakuoli na ziko njiani kufa, huwa za bluu. Kwenye midia yenye 2,4-D na BA hutegemei kuona kiinitete kamili. Unachokiona ni makundi ya awali. Mengine yana seli chache nyekundu zilizoshikana na seli moja ndefu ya bluu, mengine ni mabonge makubwa yenye wekundu na bluu vilivyochanganyika bila mpangilio. Hayo mabonge makubwa ndiyo unayoyataka kabla ya kuondoa homoni, maana ndiyo yanayotoa viinitete. Ukiona wekundu umetawanyika seli mojamoja, au bluu tupu, mstari huo haufai kwenda kukomazwa, hata kama juu ya sahani unaonekana mweupe na wenye afya.

Inafuata hatua inayorukwa kuliko zote: wiki moja bila homoni. Inaonekana kama kupoteza muda. Ukweli ni kwamba kuondolewa kwa auksini na sitokinini ndiko kunakoamrisha makundi yale yageuke kuwa viinitete. Mageuzi hayo huambatana na kufa kwa mpango kwa seli nyingi: bonge lenyewe linajivunja, na viinitete vichanga vinabaki na kichwa kilichosongamana upande mmoja na mkia mrefu upande wa pili. Kwa Picea abies imeonekana kwamba kimeng'enya cha aina ya metakaspesi kikizuiwa, mkia haujengeki sawasawa na kiinitete hakiendelei. Kufa kwa seli hizo ni sehemu ya ujenzi. Kwa hiyo usishtuke ukiona sahani inapungua unene wiki hiyo.

Tatizo ni kwamba kuhamishia tishu kwenye midia isiyo na 2,4-D hakuondoi 2,4-D iliyokwisha kunaswa ndani. Hiyo hupungua kwa seli kugawanyika na kuizimua, na kwa kuoshwa. Tunapendelea kufanya hivi: tawanya tishu kwenye midia ya majimaji isiyo na homoni, iache itulie dakika 10 hadi 15, mwaga maji ya juu, weka mapya, na urudie mara mbili zaidi. Kisha iache kwenye midia safi siku saba. Wengine huweka mkaa amilifu, na unasaidia kweli kunasa mabaki, ila mkaa hauchagui. Ukiuacha kwenye midia ya kukomazia, utanasa na ABA uliyoinunua kwa bei kubwa. Ukiruka hatua hii na kwenda moja kwa moja kwenye ABA, tishu huendelea kuzidi kama ilivyokuwa na viinitete hutokea vichache, tena vimejibanza kwenye bonge. Ukiizidisha ikafika wiki tatu au nne, viinitete vilivyokwisha kuundwa hukosa mwongozo na kuanza kuharibika.

Sasa ABA, ambayo ndiyo yenye mengi. Kazi zake ni kusimamisha ule mgawanyiko wa kuzaa viinitete juu ya viinitete, kuruhusu protini na mafuta ya akiba yajengwe, na kuzuia kiinitete kisiote kabla ya wakati. Kwa Picea anza na maikromola 30 hadi 40. Kwa Pinus nyingi 60 hadi 120. Maikromola 60 ni miligramu 15.9 kwa lita. Kwa akiba ya milimola 10, yeyusha miligramu 26.4 kwa matone ya sodiamu haidroksaidi, jaza hadi mililita 10, chuja, gawa kwenye vichupa vidogo, funga kwa karatasi ya alumini na uhifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Karatasi hiyo haipo kwa ajili ya unadhifu: mwanga, hasa wa urujuanimno, hugeuza umbo la molekuli ya ABA kuwa lile ambalo mmea haulitambui, na mizani wala macho hayatakuonyesha tofauti. Sahani nazo zikae gizani kwa sababu hiyohiyo.

Kuna jingine la kuangalia kwenye lebo ya chupa. ABA ya bei nafuu ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa molekuli mbili zinazotofautiana kama mkono wa kulia na wa kushoto: ile ya (+), ambayo ndiyo mimea huitengeneza, na ile ya (−). Vipimo vilivyofanywa kwa Picea glauca vilionyesha kwamba tishu hula ile ya (+), huigeuza asidi ya faseiki na kisha asidi ya dihaidrofaseiki, huku ile ya (−) ikibaki kwenye midia karibu kama ilivyowekwa. Hesabu basi: uliyoiandika maikromola 60 ilianza na 30 tu za asilia, na hizo zinapungua kila siku. Ukipima ABA yote iliyobaki kwenye midia baada ya wiki tatu unaweza kukuta zaidi ya nusu na kuridhika, kumbe kilichobaki karibu chote ni kile kisicholiwa. Ukibadilisha chapa kutoka mchanganyiko kwenda (+) tupu, usihamishe namba ya zamani bila kufikiri. Fanya jaribio dogo la dozi tatu kwanza.

Kasi ya kuliwa kwa ABA inategemea pia wingi wa tishu. Bonge nene lililobandikwa kwa kibano hula ABA ya chini yake na kuacha ukanda mtupu, na viinitete vya juu havipati kitu. Tawanya tishu kwenye midia ya majimaji isiyo na homoni, mimina mililita chache zenye miligramu 100 hadi 200 za tishu juu ya karatasi ya chujio, vuta maji kwa pampu kwa sekunde chache tu, kisha laza karatasi hiyo kwenye sahani. Karatasi hurahisisha na uhamisho: kila wiki mbili hadi tatu unanyanyua karatasi nzima kwenda kwenye midia mpya bila kuvigusa viinitete.

Dalili za ABA pungufu ziko wazi. Viinitete vinakuwa kijani mapema, shina la chini ya kotiledoni linarefuka, wakati mwingine rangi ya zambarau inatokea, na mzizi unaanza kuchomoza kikiwa bado hakijaweka akiba. Kitaota, ndiyo, lakini kitakufa njiani. ABA iliyozidi ni ya hila zaidi: sahani inapendeza, viinitete ni vyeupe, vimenenepa, vimefanana, lakini ukifika wakati wa kuotesha havisogei.

Maji na ABA haviachani. Kiinitete kinachobanwa maji hutengeneza ABA yake na hujizuia kuota hata ile ya midia ikipungua. Kwa Pinus njia inayotupa imani ni kuongeza jelani (unga wa kugandisha midia) hadi gramu 8 au 10 kwa lita badala ya 3 au 4, ili maji yapatikane kwa shida. Ila jelani nzito huganda mapema, ikiwa bado na moto. ABA iliyotoka kwenye friji ikimwagwa humo hugandisha mabonge, na sahani moja inakuwa na sehemu zenye ABA nyingi na sehemu zisizo nayo. ABA ifike kwanza joto la chumba, imiminwe huku chupa ikizungushwa, na sahani zijazwe bila kusubiri. Njia nyingine ni polithilini glaikoli ya 4000, asilimia 5 hadi 7.5. Molekuli zake ni kubwa mno kupenya ukuta wa seli, hivyo hubana maji bila kuliwa, tofauti na sukrosi inayoingia na kuwa chakula. Huongeza idadi ya viinitete na akiba yao. Lakini kwa Picea abies imeonekana kwamba vilivyokomazwa hivyo huota vibaya zaidi baadaye, hasa mizizi. Kwa Picea tungeiepuka, hata kama hesabu ya viinitete kwa sahani itapungua.

Wakati ABA inafanya kazi yake, auksini ya kiinitete chenyewe nayo inachora umbo. Inatembea kutoka seli hadi seli kwa mwelekeo maalumu, na mikusanyiko yake ndiyo inayoamua kotiledoni zichomoze wapi kuzunguka ncha ya shina. Kizuizi cha NPA kikifunga njia hiyo kwa Picea abies, kotiledoni hazitengani: zinaungana kama kikombe, au hazitokei kabisa, na meristemu ya shina (seli za nchani zinazolikuza) hukosekana. Kikiwekwa mapema zaidi, mpaka kati ya kichwa na mkia wenyewe huvurugika. Kwa hiyo sahani yenye vikombe vingi isikupeleke moja kwa moja kwenye dozi ya ABA. Rudi kwanza kwenye wiki ile isiyo na homoni uone kama tishu ilioshwa inavyopaswa.

Viinitete vya Picea hukomaa kwa wiki tano hadi nane, vya Pinus mara nyingi nane hadi kumi na mbili. Chagua vile visivyopenyeza mwanga, vya rangi ya krimu, milimita 2 hadi 4, vyenye kotiledoni zilizotengana. Usivipeleke kuota siku hiyo. Vina ABA nyingi ndani, na njia nzuri ya kuipunguza ni kukausha kwa kiasi: viweke vikavu kwenye vishimo kadhaa vya sahani yenye vishimo vingi, jaza maji safi kwenye vishimo vinavyopakana navyo, ziba sahani kwa utando wa plastiki, acha gizani wiki mbili hadi tatu. Unyevu wa hewa unabaki juu, kiinitete kinapoteza maji taratibu, na ABA yake inashuka. Usikose maji kwenye vishimo vya jirani; yakikauka, viinitete hukauka kwa ghafla na kubadilika rangi, na hapo havirudi.

Kuotesha ni kwenye midia yenye nusu ya chumvi za kawaida, sukrosi kidogo, bila homoni, na hapa mkaa amilifu unafaa kwa kuwa kila kitakachonaswa hukihitaji tena. Vilaze viinitete juu juu, ncha ya mzizi isizamishwe. Anza na giza au mwanga hafifu kwa wiki ya kwanza; mwekundu unafaa zaidi. Mwanga mkali mapema hukijanisha kotiledoni na kuuacha mzizi nyuma. Miche inayokijani juu huku ncha ya chini ikivimba bila kurefuka kwa kawaida bado ina ABA au imeumia wakati wa kuondolewa kwenye karatasi; kuiwekea auksini ili "kuamsha" mzizi huleta uvimbe wa kahawia mahali pa mzizi. Kama bado una viinitete vya kundi hilo, viongezee wiki moja ya kukausha uone. Mche uende kwenye udongo ukishakuwa na mzizi mkuu wa sentimita mbili hivi na sindano mpya zimeanza kutoka katikati ya kotiledoni, chini ya kifuniko kinachofunguliwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Mistari iliyofanya vizuri igandishwe mapema, ikiwa bado changa: sorbitoli ya mola 0.4, kisha DMSO (kemikali inayolinda seli zisipasuliwe na barafu) asilimia 5, kupozwa polepole hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, halafu naitrojeni ya majimaji. Tishu iliyozidishwa mwaka baada ya mwaka kwenye 2,4-D hupoteza uwezo wa kuitikia ABA, na hakuna dozi tuliyoiona ikiurudisha.